Fundi Muhamadi na Kichomeo Kilichotupwa

Miaka ile ambayo nyumba za wenye uwezo mjini Gisenyi zilikuwa zinapata baridi kwa moto wa mafuta ya taa, hapakuwa na mtu aliyeyajua majokofu kama Muhamadi, wala hapakuwa na mtu aliyeijua nyumba ya Muhamadi. Watu walimwita kwa kazi, wakampa haki yake, wakamwombea heri mlangoni. Naye akaupachika mfuko wake wa vyombo begani na kushika njia ya mtaa wa Waislamu, ambako chumba chake kilimngoja kimefungwa kama alivyokiacha.

Jokofu la siku zile lilikuwa kabati jeupe la chuma, na chini yake iliwaka taa ndogo mchana na usiku. Moto wa taa ile uliichemsha dawa iliyofungiwa ndani ya mabomba ya nyuma. Dawa ikapanda ikiwa moto, ikashuka ikiwa baridi, na ndani ya kabati maji yakaganda. Wengi walistaajabu kuona moto ukizaa barafu. Muhamadi alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, alipofundishwa Bukavu na Mgiriki mmoja mwenye gereji, na hata hivyo kila alipougusa umande wa kwanza juu ya chuma aliutaja utukufu wa Mola kwa sauti ya chini.

Alikuwa na desturi moja iliyowachosha wateja. Hakukubali kubadilisha kifaa kabla ya kukipima. Angeambiwa utambi umekwisha, akaitikia kwa kichwa, kisha akauwasha autazame. Angeambiwa mlango hauzibi, akaitikia vilevile, kisha akabana kipande cha karatasi kwenye mlango na kukivuta polepole aone kama kinashikwa. Mafundi wengine walikuwa wanafika na kifaa kipya mfukoni na kuondoka na cha zamani mkononi. Muhamadi alikuwa anachuchumaa nyuma ya kabati muda mrefu, kiganja kimelala juu ya bomba, macho yamefumbwa, mpaka watoto wa nyumba wakadhani amesinzia.

Huko nyumbani kwake, mkewe Saidati alikuwa ameondoka tangu mwanzo wa masika, na sasa kiangazi kilikuwa kimeingia. Jioni moja Muhamadi alirudi akakuta mlango umefungwa kwa kamba, sufuria zimeoshwa na kufudikizwa, na kanga zake hazipo kwenye kigingi cha ukutani. Jirani alisema amemwona na furushi kichwani, anaelekea barieri, kizuizi cha mpakani, njia ya Goma, kwa kaka yake Abdu.

Katika nchi ile mke akirudi kwao namna hiyo mambo yana utaratibu wake. Mume huenda mwenyewe kwa wakwe. Watu wa milimani huenda na pombe. Waislamu wa mjini waliichukua desturi hiyo lakini hubeba sukari na majani ya chai. Mume huketi karibu na mlango, si ndani sana. Wenye nyumba humwuliza amefuata nini, naye hujibu mbele ya wote, kisha mke huitwa aseme alichokuja nacho moyoni. Baada ya hapo ndipo hujulikana kama atarudi au hatarudi.

Muhamadi hakwenda. Aliona kwamba anayekwenda amekwisha kukiri kosa, naye, kila alipojipekua, hakuliona kosa. Hakumpiga Saidati, hakumtukana, hakumnyima chakula wala nguo. Mtaa ulikuwa na maelezo yake. Wengine walisema Saidati ana kichwa kigumu. Wengine walisema tumbo lake halishiki: mtoto wao wa pekee alizaliwa mwaka uliopita bila kulia, akazikwa siku ileile, na mwanamke wa namna hiyo akili yake haitulii tena. Muhamadi alisikia, na kidogo kidogo maneno ya mtaa yakawa ndiyo maneno yake.

Aliyemshikilia zaidi alikuwa dada yake mkubwa, Mwamini, muuza vitumbua, mwanamke mwenye huruma nyingi na subira kidogo. Kila jioni alimletea mdogo wake chakula, akasimama mlangoni mpaka ale.

"Utamfuata?" aliuliza jioni moja.

"Sikumfukuza, dada."

"Sikuuliza kama ulimfukuza. Kama humfuati, muache. Watu wanatucheka. Yule mutoto wa fundi cherehani yuko tayari kuolewa nawe, na baba yake amekwisha nisikiliza."

"Nitafikiri."

"Utafikiri mpaka lini? Hata mke unataka kumpima na kipande cha karatasi?" Akaicheka kauli yake mwenyewe, kisha akalainika. "Mdogo wangu, mutu hawezi kukaa hivi. Unaongea na mabomba. Ijumaa, baada ya swala, uje kwangu. Mashahidi watakuwepo. Utatamka talaka, mume wangu atapeleka neno Goma, na mambo yatakwisha."

Muhamadi aliutazama wali uliokuwa mbele yake. Talaka ni jambo la halali ambalo Mola halipendi. Alilijua hilo tangu chuoni, alipokuwa mdogo akitingisha kichwa juu ya ubao wa kuandikia. Lakini alikuwa amechoka kurudi kwenye mlango wenye kamba. Akasema, "Haya."

Asubuhi yake aliitwa ziwani, nyumbani kwa Nzabonimpa.

Nzabonimpa alikuwa mwenye mitumbwi, mtu mnene mwenye sauti ya kuvukia maji, na mkewe Donatha aliuza samaki sokoni. Jokofu lao walilinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba aliyerudi kwao. Lilikuwa fahari ya nyumba, na tangu baada ya Pasaka halikuwa linapoza hata kikombe cha maji.

"Bon, fundi," alisema Nzabonimpa hata kabla ya salamu kwisha, "hii frigo imekufa. Nilishabadilisha kichomeo, nilishabadilisha utambi. Donc iko nini tena? Uniambie tu tununue nini."

"Iko mutu alimudanganya," alisema Donatha kutoka uani, akiparua magamba ya samaki.

"Nani alinidanganya?"

"Yule fundi wa Goma mwenye viatu vya kung'aa. Aliangalia frigo kama vile mutu anaangalia ng'ombe wa mwenzake, akasema kichomeo kimekufa, basi na we ukaitika."

"We unajua nini ya frigo?"

"Mi najua ya samaki. Wanaoza."

Muhamadi alitabasamu akiwa ameinamisha kichwa. Yalikuwa yamepita majira mazima bila kuyasikia maneno ya namna hiyo, maneno ya watu wawili ambao kila mmoja anajua mwenzake atajibu. Akauweka mfuko wake sakafuni, akapiga magoti.

Alianza na moto. Kichomeo kipya kilikuwa kinawaka vizuri, ndimi zake za buluu zimesimama sawasawa. Akaingiza kijioo kidogo chini ya bomba la moshi na kutazama juu. Njia ilikuwa wazi, masizi si mengi. Akabana karatasi mlangoni, ilishikwa. Akazunguka nyuma, akaweka kiganja juu ya mabomba. Chini palikuwa panachoma. Juu, mahali ambapo baridi huzaliwa, palikuwa vuguvugu kama mkono wa mgonjwa. Dawa ilikuwa imekwama njiani.

"Kile kichomeo cha zamani kiko wapi?" aliuliza.

"Nilikitupa."

"Wapi?"

Nzabonimpa alionyesha uani kwa kidevu. Muhamadi alikikuta nyuma ya banda la kuku, kimefunikwa nusu na majivu na maganda ya maharage. Akakipangusa, akakitoa uchafu kwa sindano, akaweka utambi, akatia mafuta, akakiwasha juu ya jiwe. Ulimi wa moto ulitoka wa njano, ukatikisika, ukafikiri kidogo, kisha ukawa wa buluu, ukatulia. Aliutazama mpaka akajiridhisha.

"Hiki ni kizima," alisema.

Nzabonimpa alisogea, akainama mikono ikiwa magotini. "Kizima namna gani?"

"Namna unavyokiona. Hakikuwa na neno."

Donatha alikuwa ameacha samaki wake. "We, Nzabonimpa, wakati yule mutu alisema kimekufa, ulikiwasha uone?"

"Kwa nini nikiwashe na alishasema kimekufa?"

"Basi haukukiuliza."

"Kichomeo mutu anakiuliza?"

"Fundi amekiuliza sasa hivi, na kimejibu."

Walicheka wote wawili. Muhamadi hakucheka. Alibaki amechuchumaa mbele ya ule moto mdogo uliokuwa umelala majuma mengi chini ya majivu, si kwa ubovu wake, bali kwa neno la mtu mmoja aliyesadikiwa. Donatha alimwita mara mbili ndipo akasikia.

"Fundi, na frigo?"

Akarudi ndani. Aliomba bakuli la maji, akaliweka juu ya jokofu. Maji yaliegemea upande wa mlango wa nyumba, kana kwamba yanataka kutoka nje. Akaliweka bakuli sakafuni, yakaegemea vilevile.

"Frigo ilikuwa hapa siku zote?"

"Hapana," alisema Donatha. "Ilikuwa jikoni. Pasaka huyu muzee akaileta sebuleni, wageni wapate kuiona."

Hapo palikuwa na ugonjwa wote. Nyumba za ziwani hujengwa na sakafu ya sebule ikiteremka kidogo kuelekea mlangoni, ili maji ya kuoshea vumbi la volkano na magamba ya samaki yatoke yenyewe. Mwashi aliyeijenga nyumba ile alikuwa hodari. Lakini jokofu la mafuta linataka kusimama wima, kama mtu aliyesimama katika safu ya swala. Likiegama, dawa iliyomo husimama mahali na kukataa kuzunguka, hata moto uwe mzuri namna gani. Kila mtu aliyeingia aliutazama moto. Hakuna aliyeitazama sakafu, maana sakafu ilikuwa inafanya kazi yake.

Muhamadi alieleza haya kwa maneno machache. Akauzima moto, akaomba mkeka wa zamani, na yeye na Nzabonimpa wakalipindua kabati kichwa chini, miguu juu. Ndani ya mabomba kitu kiligugumia, kikashuka, kikanyamaza.

"Iache hivyo mpaka kesho," alisema. "Dawa irudi mahali pake."

"Na huyu mume wangu," alisema Donatha, "tungemugeuza hivi siku za Jumapili akitoka kulewa."

"Ungenigeuza na nani? Mikono yako ni ya dagaa."

"Na fundi. Si ndiyo kazi yake?"

Kesho yake alirudi, wakalisimamisha. Aliingiza vipande vyembamba vya jiwe jeusi la volkano chini ya miguu ya mbele mpaka maji ya bakuli yakalala sawa, akaliacha lipumzike, kisha akawasha moto kwa kile kichomeo kilichotupwa. Kile kipya alikifunga katika kitambaa na kumwambia Donatha akiweke akiba. Walimkaribisha chakula, akala nao. Aliulizwa habari za mke wake, akasema yuko kwao.

"Mugonjwa?" aliuliza Donatha.

"Sijui."

Donatha akamwongezea samaki.

Alipopita tena siku ya Alhamisi, jua likiwa bado changa, alifungua mlango wa jokofu na kukuta umande mweupe umeganda juu ya chuma. Nzabonimpa alikuwa ziwani. Donatha alimwekea kikombe cha maji ya baridi, naye akayanywa amesimama, huku akijua kwamba kazi ya nyumba ile imekwisha na hakuna kitakachomrudisha tena. Kisha, badala ya kupanda mtaani, alikwenda dukani akanunua sukari na majani ya chai, akaishika njia ya barieri.

Abdu, kaka yake Saidati, alikuwa anachuuza nguo kuukuu katika mtaa wa Goma ulio karibu na ziwa. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ya mbao, imepakwa rangi ya kijani. Muhamadi alibisha hodi, akaketi kwenye kibao karibu na mlango, akaweka zawadi mbele yake. Abdu alivaa kofia yake ndipo akatoka kumkabili, kama inavyotakiwa.

"Shemeji, karibu."

"Starehe, shemeji."

"Umefuata nini?"

Njia nzima Muhamadi alikuwa ameandaa maneno: kwamba hakumpiga, hakumtukana, hakumnyima. Sasa aliyaona hayafai. Yalikuwa maneno ya mtu anayeleta kifaa kipya mfukoni.

"Nimekuja kuuliza," alisema.

"Kuuliza nini?"

"Kuuliza kwa nini aliondoka. Sijamuuliza."

Abdu aliisogeza kofia yake. Labda alikuwa ameandaa maneno pia. Mwishowe aliinuka, akaingia ndani, na baada ya kitambo Saidati akatoka, akaketi kwenye mkeka kando ya kaka yake, kanga imemfunika mpaka usoni. Amekonda, aliwaza Muhamadi. Au labda alikuwa amekonda tangu zamani na yeye hakuona.

"Shikamoo," alisema Saidati.

"Marahaba. Hujambo, mama?" Alikuwa anamwita hivyo walipooana, wakisubiri watoto. Neno lilimtoka kabla ya kulizuia, akaona mkono wake ukiikaza kanga.

"Umesikia alichokuja nacho," alisema Abdu. "Mujibu."

Saidati alizungumza kwa sauti ambayo Muhamadi alilazimika kuinama ili aisikie.

"Siku tulipomzika mtoto, ulirudi kutoka makaburini, ukanawa miguu, ukachukua mfuko wako ukaenda kazini."

Muhamadi alikumbuka. Mzungu mmoja alikuwa ametuma mtu. Jokofu lake limezimika na nyama inaharibika. Alikwenda. Alipima kila kifaa, na kiganja chake juu ya bomba hakikutetemeka, na alimshukuru Mola kwa kumpa kazi siku ile.

"Nilifikiri," alisema, "nikikuacha peke yako utapumzika."

"Nilikuwa peke yangu tangu asubuhi. Wanawake walikuja, wakasema ni kadari, wakaenda. Nikasema, mume wangu atarudi, tutakaa. Ulirudi na harufu ya mafuta ya taa, ukala, ukalala. Kesho yake vilevile. Mwaka mzima hukulitaja jina lake."

"Hakuwa na jina, Saidati."

"Mimi nilimpa."

Nje, mtu alipita akivuta mbuzi anayekataa kwenda. Abdu aliitazama sakafu. Muhamadi alitaka kuuliza jina lile, akaona kwamba hana haki ya kuliuliza leo, mbele ya mtu mwingine, kama anayedai kitu.

"Walisema una kichwa kigumu," alisema, "nami nikasadiki. Kosa hilo ni langu."

Akaisogeza ile sukari mbele kidogo.

"Utarudi?"

Saidati aliitazama sukari na majani ya chai. "Sijui," alisema. "Leo umeuliza. Sijui kama ni leo tu." Akainuka. Mlangoni alisimama bila kugeuka. "Uje tena uulize."

Muhamadi alirudi kwa miguu kandokando ya maji. Askari wa barieri alimuuliza anatoka wapi, akasema anatoka kwa wakwe. Askari akacheka, akasema mikono mitupu ni dalili nzuri, zawadi zimepokelewa. Nyumbani aliifungua kamba, akawasha taa, akaketi kitandani upande wake. Hakuna kilichobadilika chumbani. Sufuria zilikuwa bado zimefudikizwa.

Ijumaa, baada ya swala, alikwenda kwa Mwamini. Mashahidi walikuwa wameketi barazani, wazee wawili wa mtaa, na kahawa ilikuwa tayari.

"Hakuna talaka," alisema. "Nawaombeni radhi kwa kuwasumbua."

Mwamini aliweka birika chini. "Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Amekubali kurudi?"

"Hapana. Amesema nije tena niulize."

"Na hilo ni jibu? Mdogo wangu, watu wanangoja."

"Sijakwisha kupima, dada," alisema, na Mwamini, aliyekuwa na neno la kumcheka, alilimeza alipouona uso wake.

Aliondoka bila mfuko wa vyombo. Njia ya makaburini inapanda kidogo kati ya migomba, na tangu siku ile ya mwaka uliopita hakuwa ameipita. Kaburi lilikuwa dogo, limeota majani, na ilimbidi alitafute kwa kukumbuka jiwe gani alisimama karibu nalo. Alipolipata aliona kwamba jiwe la upande wa kichwa limepanguswa, na kwamba mtu alikuwa amefika hapo mara nyingi, maana majani ya upande mmoja yalikuwa yamelala kwa kukaliwa.

Akang'oa magugu. Akaomba dua kwa muda, kisha maneno yakamwishia. Akaketi mahali palipokaliwa, kiganja kimelala juu ya udongo, macho yamefumbwa, kama alivyokuwa anaketi nyuma ya majokofu ya watu. Udongo ulikuwa na joto la mchana. Jua lilishuka nyuma ya Goma, baridi ya milimani ikaanza kuteremka, na bado hakuinuka.